Jinsi ya Kueleza Hatua za Viluwiluwi wa Kopepodi, Kuanzia Yai hadi Mpevu

Ukipitisha maji ya bahari kwenye wavu wenye matundu madogo ya kutosha, mara nyingi wanyama wengi zaidi utakaowakuta ni viluwiluwi wa kopepodi, krasteshia wadogo (jamii ya kamba na kaa) wanaoishi ndani ya planktoni, yaani viumbe wanaoelea na kuchukuliwa na maji. Samaki wachanga wa aina nyingi huanza maisha kwa kuwala. Lakini kwa spishi nyingi za kopepodi tunachokijua ni umbo la wapevu tu. Watoto wao hawajawahi kuchorwa wala kuelezwa, kwa hiyo mtu anayechunguza sampuli ya planktoni hulazimika kuwaandika wote kwa jina moja la jumla na kuendelea na kazi.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kueleza hatua za ukuaji za spishi moja, mwanafunzi au mtafiti. Unapoufuata, mfikirie msomaji mmoja: yupo mbali nawe, ana kiluwiluwi mmoja tu kwenye tone la gliserini, na hajui ametoka kwa mama yupi. Kila mchoro na kila hesabu utakayoandika impe jibu huyo.

Kwanza, ramani fupi. Kopepodi wa kawaida hupitia hatua sita za nauplio, yule kiluwiluwi wa mviringo mwenye jozi tatu za viungo na jicho moja katikati ya kichwa. Kisha hubadilika umbo ghafla na kuwa kopepodidi, ambaye tayari anafanana na mpevu aliyefupishwa. Kopepodidi nao wana hatua sita, na ya sita ndiyo mpevu mwenyewe. Kwa kifupi huandikwa NI hadi NVI, na CI hadi CVI. Zipo spishi, hasa za vimelea, zenye hatua pungufu za nauplio, kwa hiyo usiingie kazini ukiwa umeshaamua kwamba lazima upate sita.

1. Mjue mama kabla ya mtoto

Hapa ndipo kazi yote inaposimama au kuanguka. Mwaka 1785 O. F. Müller, mtaalamu wa Denmark, aliwaeleza viluwiluwi hawa kama wanyama wanaojitegemea na kuwapa majina yao wenyewe ya jenasi, Nauplius na Amymone. Macho yake hayakuwa na kasoro. Alichokosa ni uhusiano kati ya mtoto na mzazi. Ukichora nauplio uliyemwokota tu baharini, ukampa jina la spishi kwa sababu wapevu wa spishi hiyo walikuwa wengi kwenye sampuli ileile, utakuwa unakisia.

Njia bora ni kufuga. Chagua jike mwenye mayai, akiwa hai, na umtambue kwa uhakika. Baadhi ya kopepodi, kama Oithona na Pseudodiaptomus, hubeba mayai kwenye vifuko, na hao ni rahisi kwa sababu unaweza kumweka jike mmoja kwenye chombo kidogo na kusubiri. Wengine, kama Calanus na Acartia, huyaachia mayai majini. Kwa Acartia weka kitambaa cha wavu karibu na sehemu ya chini ya chombo, mayai yapenye na kuzama huku wapevu wakibaki juu, maana wapevu hula mayai na nauplio wao wenyewe. Jike akishataga, mhifadhi kwenye kichupa chake chenye lebo. Yeye ndiye shahidi wako.

Walishe kwa mwani wa seli moja: Isochrysis kwa wadogo, Rhodomonas au Tetraselmis wanapokua. Andika halijoto na chumvi ya maji kila siku. Kwenye maji ya joto, nauplio wa kwanza na wa pili wanaweza kupita ndani ya saa chache, kwa hiyo mwanzoni toa sampuli kila baada ya saa mbili au tatu, usiku ukiwemo. Baadaye unaweza kulegeza ratiba.

Pamoja na chombo cha wengi, weka viluwiluwi wachache mmojammoja kwenye visahani vyenye vyumba vidogo. Kila asubuhi na jioni tafuta magamba yaliyovuliwa. Idadi ya magamba ndiyo itakayothibitisha idadi ya hatua. Zaidi ya hayo, gamba tupu huonyesha nywele na viungo waziwazi kuliko mwili wenyewe, kwa kuwa hakuna misuli wala chakula kinachozuia mwanga. Usilitupe hata moja.

Kama spishi yako haifugiki, tumia vinasaba. Kipande cha COI, jeni linalotumiwa sana kutambua spishi, kinachonakiliwa kwa vianzio (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) vilivyotolewa na Folmer na wenzake mwaka 1994, hutosha mara nyingi kumuunganisha kiluwiluwi na mpevu, ingawa kwa kopepodi vianzio hivyo wakati mwingine hukataa na itabidi ujaribu vingine. Nguvu ya njia hii ilionekana mwaka 2012. Kiluwiluwi wa ajabu mwenye pembe aliyepewa jina Cerataspis monstrosa mwaka 1828, na ambaye hakuna aliyemjua mzazi wake, alithibitika kwa vinasaba kuwa mtoto wa Plesiopenaeus armatus, kamba wa kina kirefu cha bahari. Chagua njia ya kutoa vinasaba isiyoharibu gamba. Kiluwiluwi aliyesagwa hawezi kuchorwa tena.

Wapo pia viluwiluwi ambao hadi leo mzazi wao hajaonekana. Wale waitwao viluwiluwi wa Y, wa kundi la Facetotecta, wanajulikana tangu miaka ya 1880. Mwaka 2008 watafiti waliwawekea homoni ya kujivua gamba, wakageuka kuwa kitu laini kama konokono asiye na nyumba, bila miguu. Wapevu wao wanadhaniwa kuwa vimelea, lakini bado haijulikani wanaishi ndani ya mnyama gani. Ukikutana na kiluwiluwi wa namna hiyo, mweleze kama alivyo na useme wazi kwamba mzazi hajulikani. Hayo ni maelezo halali kabisa.

2. Kukusanya na kuhifadhi

Wavu wa mikromita 200 unaotumiwa sana kwa planktoni huwapoteza nauplio karibu wote. Tumia wa mikromita 50 hadi 60, uuvute polepole, kwa muda mfupi.

Kwa kuchora, hifadhi kwenye formalini: sehemu moja ya formalini ya dukani kwa sehemu tisa za maji ya bahari, jambo linaloleta formaldehaidi ya takriban asilimia 4. Ongeza boraksi ili asidi isile magamba. Formaldehaidi husababisha saratani, kwa hiyo vaa glavu na fanya kazi penye mkondo wa hewa. Kwa vinasaba tumia ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, na usiwahi kupitisha sampuli hiyo kwenye formalini. Kabla ya yote mawili piga picha wachache wakiwa hai. Rangi na umbo la jicho hupotea upesi kwenye dawa.

3. Wapange kwa hatua kwanza

Usiwapange kwa ukubwa. Chakula na halijoto hubadili ukubwa, na nauplio mkubwa wa hatua ya tatu anaweza kulingana na mdogo wa hatua ya nne. Wapange kwa viungo na kwa nywele za mkiani.

Nauplio wa kwanza huwa na jozi tatu tu: vipapasio vya kwanza, vipapasio vya pili na mataya, pamoja na nywele mbili nyuma. Katika spishi nyingi hana uwezo wa kula; anaishi kwa kiini cha yai. Calanus huanza kula akiwa hatua ya tatu na Acartia hatua ya pili, na utaligundua hilo kwenye kipapasio cha pili, ambacho huota mwiba wa kutafunia kwenye shina lake. Kadiri anavyojivua gamba, nywele na miiba ya nyuma huongezeka, kisha huchipua maksilula, kiungo cha mdomo kilicho nyuma ya mataya, kwanza kama unywele mmoja tu na baadaye kama kiungo chenye matawi. Akifika hatua ya sita, chini ya tumbo huonekana vichipukizi vya jozi mbili za kwanza za miguu ya kuogelea. Nywele za ncha ya kipapasio cha kwanza nazo huongezeka karibu kila hatua, na ni kigezo kizuri sana kwa sababu huonekana bila kupasua chochote.

Kwa kopepodidi mambo ni mepesi. Hesabu miguu ya kuogelea. CI ana jozi mbili zinazofanya kazi na kichipukizi cha tatu. CII ana tatu na kichipukizi cha nne. CIII ana nne, na mguu wa tano huwa kichipukizi kwa spishi zenye mguu huo. Kuanzia CIV tazama pingili za mkia na mguu wa tano, na hapo ndipo jike na dume huanza kutofautiana. Angalia spishi yako ina mpangilio gani: jike wa Pseudocalanus, kwa mfano, hana kabisa mguu wa tano, na asiyejua hilo anaweza kumweka kwenye hatua isiyo yake.

Kama sampuli imetoka baharini, waondoe wageni mapema. Nauplio mwenye pembe mbili mbele ya ngao yake ni mtoto wa wale krasteshia wanaojigandisha kwenye miamba na matumbo ya meli. Ni rahisi kumtofautisha, lakini akiwa amelala kwa upande pembe zake hujificha.

4. Kumwandaa chini ya hadubini

Mhamishe kiluwiluwi kutoka kwenye formalini hadi maji safi, kisha asidi laktiki. Asidi hiyo huyeyusha tishu laini na kuliacha gamba liking'aa. Kwa nauplio mdogo saa chache zinatosha. Akiwa hafifu mno, tone dogo la rangi nyeusi ya klorazoli litaonyesha nywele ambazo hukudhani zipo.

Nauplio si rahisi kumpasua. Ana urefu wa sehemu ya kumi ya milimita hadi nusu milimita, na viungo vyake vimekunjwa chini ya tumbo kimoja juu ya kingine. Ninachopendekeza ni kumgeuza. Weka vipande vidogo vya kioo kilichovunjika, au chembe za udongo wa kuchezea, kwenye pembe nne za kifuniko ili kisimbane. Kisha sukuma kifuniko kwa ncha ya sindano, kwa upana wa unywele. Kiluwiluwi atabingirika taratibu kutoka mgongo hadi ubavu hadi tumbo, nawe utamwona kila kiungo kikijitokeza kwa zamu. Inahitaji subira, lakini mkono huzoea.

Kopepodidi na wapevu hufaa zaidi kwa njia ya Humes na Gooding ya mwaka 1964: kibao chembamba chenye tundu, kifuniko cha kioo juu yake, na mnyama ndani ya tone la asidi laktiki linaloning'inia chini ya kioo. Unampasua kibao kikiwa kimepinduliwa, kisha unakigeuza na kumtazama kwa lenzi kali kutoka upande wa pili bila kuhamisha chochote. Kwa kupasua tumia waya wa tangsteni ulionolewa kwa umeme ndani ya myeyusho wa hidroksidi ya sodiamu. Pini nyembamba za wadudu pia zinafaa kwa viungo vikubwa.

5. Kuhesabu nywele

Hii ndiyo sehemu inayochukua muda mrefu kuliko zote, na ndiyo inayoyapa maelezo thamani yake. Weka utaratibu mmoja na usiuvunje: anza kwenye shina la kiungo uende nchani; kwenye kila pingili anza upande wa nje uje wa ndani; tawi la nje kabla ya tawi la ndani.

Tofautisha aina. Unywele wa kweli, ambao wataalamu huuita seta, una kiungio mahali unapootea. Ukiuangalia kwa lenzi ya kuzamishwa kwenye mafuta utaona duara dogo kwenye gamba. Mwiba ni mgumu na mfupi. Vijimiiba na malaika zinazoota moja kwa moja juu ya gamba bila kiungio hazihesabiwi pamoja na nywele, zitaje kando. Eleza pia unywele wenyewe ukoje: mtupu, wenye manyoya pande mbili, wenye meno, au wenye ukuta mwembamba wa kunusia.

Nywele hukatika sana wakati wa kuvuta wavu. Ukiona nafasi isiyo ya kawaida kati ya nywele mbili, tafuta lile duara la kiungio. Likiwepo, unywele ulikuwapo. Hesabu kulia na kushoto. Zikitofautiana, tafuta kiluwiluwi mwingine. Ninaona viluwiluwi kumi kwa kila hatua ni kiasi cha kuridhisha, na kwa zile hatua adimu, watatu ni bora kuliko kumtegemea mmoja, ilimradi uandike kwamba walikuwa watatu.

Daima linganisha na hatua iliyotangulia. Ni nadra hesabu kupungua wakati nauplio anakua. Ikipungua kwenye daftari lako, rudi kwenye hadubini kabla ya kuandika chochote: ama umekosa unywele, ama umechanganya hatua. Wakati wa kugeuka kutoka NVI kwenda CI kanuni hii haifanyi kazi, kwani viungo vya kichwa hujengwa upya, na taya na kipapasio cha pili hupoteza baadhi ya nywele.

6. Kupima

Linganisha kwanza kipimo cha lenzi ya macho na slaidi ya kipimo, ile ambayo milimita moja imegawanywa mara 100, na ufanye hivyo kwa kila lenzi. Pima urefu kutoka mbele ya kichwa hadi mwisho wa mwili bila nywele za mkia, kisha upana mahali penye upana mkubwa. Toa wastani, kiwango cha chini na cha juu, na idadi ya waliopimwa. Taja kama walikuwa hai au kwenye formalini, kwa sababu dawa hukunja mwili.

7. Kuchora

Picha za hadubini ni nyongeza nzuri, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya mchoro. Kamera huona kina kimoja kwa wakati, na unywele ulio chini ya mwingine hupotea. Mchoro hukusanya vina vyote mahali pamoja.

Tumia kamera lusida, kifaa cha hadubini kinachokuwezesha kumwona mnyama na karatasi yako kwa pamoja, au chora kwa kompyuta juu ya mfululizo wa picha zilizopigwa kwa vina tofauti. Kwa kila hatua weka mwili mzima, upande wa mgongo na wa ubavu, kisha kila kiungo peke yake. Chora kila unywele kwa urefu wake halisi kulinganisha na wenzake, na uuweke hasa pale unapoota. Mistari iwe safi, kivuli hakihitajiki. Kila mchoro uwe na mstari wake wa kipimo. Kisha fanya jambo ambalo wengi huliruka: mpe mtu mwingine mchoro bila maandishi, ahesabu nywele, nawe ulinganishe hesabu yake na daftari lako.

8. Kuandika

Hatua ya kwanza ielezwe kikamilifu. Zinazofuata zinaweza kuelezwa kwa mabadiliko tu, lakini kiungo ambacho hakikubadilika nacho kitajwe: "kama hatua iliyotangulia". Ukikaa kimya, msomaji hawezi kujua kama hakikubadilika au hukukitazama.

Sentensi kama "kipapasio cha kwanza kimekua na kina nywele nyingi zaidi" haimsaidii mtu. Andika hivi, tarakimu hizi zikiwa za kuonyesha mtindo tu:

"Kipapasio cha kwanza: pingili 3. Ya kwanza ina unywele 1 mfupi, mtupu. Ya pili ina nywele 3 upande wa tumbo. Ya tatu ina nywele 7: 3 za nchani, ndefu, zenye manyoya pande mbili; 4 za upande wa mgongo, fupi, tupu; safu ya vijimiiba upande wa tumbo."

Kwa miguu ya kuogelea ya kopepodidi tumia fomyula iliyozoeleka: namba za Kirumi kwa miiba, za kawaida kwa nywele, nukta mkato kati ya pingili na pingili. Jedwali moja la miguu yote kwa hatua zote huokoa kurasa kadhaa, na ndilo watu hulifungua kwanza.

Taja pia kisichokuwepo. "Maksilula haipo" ni taarifa kamili, na mara nyingi ndiyo inayoitenga hatua moja na nyingine. Rangi itaje kwa tahadhari, kama nyongeza, kwa kuwa hutegemea chakula.

Ukimaliza, tafuta maelezo ya spishi za jenasi hiyohiyo na uweke tofauti kwenye jedwali, hatua kwa hatua. Usishangae ukikuta nauplio wa spishi mbili zilizo karibu hawatofautiani isipokuwa kwa unywele mmoja au kwa mpangilio wa vijimiiba. Kama hawatofautiani kabisa, sema hivyo waziwazi. Mtu atakayekuja kuwatenganisha kwa vinasaba atahitaji kulijua hilo. Kama maelezo ya zamani yanapingana na yako, usiyatupe kabla ya kuangalia kama mwandishi wake alifuga au aliokota baharini.

9. Weka ushahidi

Peleka kwenye mkusanyiko wa jumba la makumbusho jike mzazi, viluwiluwi wa kila hatua, slaidi na magamba yaliyovuliwa, na uandike namba zao za kumbukumbu ndani ya maelezo. Slaidi za gliserini zizibwe kingo kwa rangi ya kucha ya wazi, tabaka mbili. Lebo ziandikwe kwa penseli au wino usioyeyuka kwenye ethanoli, ziwekwe ndani ya chupa, na ziwe na jina la spishi, hatua, mahali mama alipovuliwa, tarehe, halijoto ya kufugia na dawa iliyotumika. Mfuatano wa vinasaba, kama unao, upandishwe kwenye hifadhi ya umma na namba yake iwekwe kando ya namba ya jike.